Nyumba za Kuunganishwa: Jinsi Zinavyofanywa na Jinsi Zinavyosimamishwa

Mtu apitaye siku hizi kandokando ya njia kuu za nchi yetu ya Ziwa, au afikaye kwenye kambi za migodi na za mafundi wa reli na barabara, huona nyumba nyeupe zilizopangwa mistari, kuta zake nyembamba na laini, ambazo pengine mwezi uliopita hazikuwapo. Wengi hustaajabu na kuuliza zimejengwa lini na nani. Jawabu ni kwamba hazikujengwa pale. Zilifanywa mahali pengine vipande vipande, zikaletwa kwa lori, na pale ziliunganishwa tu.

Twaona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu, hasa wazee wa vijiji na walimu, habari za kazi hii. Haikosi siku moja mwuzaji atakuja kwa kamati ya shule au ya zahanati na picha nzuri mkononi, akisema kwamba nyumba ya mwalimu itasimama kwa siku chache, na kwamba bei yake ni nafuu leo tu. Mtu asiyejua jambo huweza kulikataa lenye faida, au kulikubali lenye hasara. Na fedha ya kijiji ikiisha kutoka hairudi.

Tangu mwanzo twataka lijulikane neno moja, na maneno yetu mengine yote ni kulifafanua. Nyumba ya kuunganishwa hujengwa mara mbili. Mara ya kwanza hujengwa karakanani na fundi mwenye mashine. Mara ya pili hujengwa kiwanjani, nasi wenyeji tukiwapo. Nusu ya kwanza hununuliwa kwa fedha. Nusu ya pili, yaani msingi, njia, hesabu ya vipande na ukazaji wa viungo, aghalabu haimo katika bei, tena haionekani katika picha. Lakini nusu hiyo ikiharibika, uzuri wa ile ya kwanza haufai kitu.

Kazi hii si ngeni

Wako wadhanio kwamba nyumba ya namna hii ni uzushi wa juzi. Sivyo. Wasomali, na Warendille na Wagabra wa kaskazini ya Kenya, tangu zamani wana nyumba ya fito zilizopindwa kama upinde, zilizofunikwa kwa mikeka au ngozi. Wakati wa kuhama wanawake huifungua, wakaipakia juu ya ngamia, na wafikapo malisho mapya huiunganisha tena. Kila ufito una mahali pake, na mwanamke ndiye fundi wake.

Kadhalika pwani, wajenzi wa nyumba za mawe za Unguja, Lamu na Mombasa walitumia boriti za mikoko zilizokatwa kwa urefu uliokaribiana. Kwa kuwa boriti hiyo haifiki mbali, vyumba vyao vilikuwa vyembamba, upana wa mita 2 na nusu au karibu 3. Boriti hizo zilipakiwa majahazini mpaka Oman na nchi za Ghuba, na huko nako upana wa vyumba ulifuata boriti. Na milango ya Unguja ilichongwa na mafundi mahali pao pa kazi, kisha ikasimamishwa kwanza, ndipo ukuta ukajengwa kando yake.

Hapo msomaji ameona asili ya jambo lenyewe, nayo ni kipimo kimoja. Vitu vikifanywa kwa kipimo kimoja, vyaweza kufanywa na watu wasioonana, katika miji iliyo mbalimbali, na vikikutana vitapatana. Pasipo kipimo kimoja, hakuna nyumba ya kuunganishwa.

Vyombo vilivyoletwa Ziwani vipande vipande

Sisi watu wa Ziwa twalo somo letu wenyewe, wala si la nyumba bali la vyombo vya maji. Maana meli kubwa iliyofanywa ng'ambo haina njia ya kufika katika Ziwa letu isipokuwa kwa vipande.

Mwaka wa 1875, mwezi wa Februari, msafara wa Henry Morton Stanley ulifika Kageye, kijiji kilichoko sasa katika wilaya ya Magu, karibu na Mwanza. Wapagazi walikuwa wamechukua tangu Bagamoyo mashua iitwayo Lady Alice, ya urefu wa futi 40, iliyofanywa Uingereza kwa mafungu matano ya futi nane nane. Lakini mashua ilipofika Unguja, ilionekana kwamba mafungu yale yalikuwa mazito na mapana kupita kiasi kwa njia nyembamba za wapagazi, ikabidi fundi ayapunguze kabla safari haijaanza. Aliyeyafanya Uingereza alijua kazi yake vizuri, lakini hakuijua njia. Hata mwisho mashua iliunganishwa pale Kageye, na tarehe 8 Machi ikaondoka kulizunguka Ziwa.

Baada yake ikaja meli ya moshi iitwayo William Mackinnon, iliyofanywa Scotland. Vipande vyake vilifika Mombasa mwaka wa 1895, wakati reli ilikuwa haijafika Ziwani, kwa hiyo vilichukuliwa kwa mabega ya watu. Meli hiyo haikuelea majini huko Kisumu mpaka mwaka wa 1900. Miaka mitano ilipita kati ya bandari na Ziwa, wala haikupita karakanani, ilipita njiani. Tena meli ya Victoria, ambayo wasomaji wengi wameipanda kwenda Bukoba, nayo ilifanywa Scotland, ikaletwa kwa vipande, ikaunganishwa Kisumu, ikaanza kazi mwaka wa 1961. Mwaka wa 2020, baada ya matengenezo makubwa mjini Mwanza, ilirudi tena kazini.

Kwa habari hizo twajifunza mambo mawili yafaayo kwa nyumba pia. La kwanza, kipande kipimwe kwa njia kitakayopita na kwa watu watakaokiinua. La pili, safari ihesabiwe kuwa sehemu ya ujenzi, kwa siku na kwa fedha.

Nyumba za ng'ambo na nyumba za nchi ya joto

Baada ya Vita Kuu ya pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa nyumba, kwa kuwa nyingi ziliangushwa kwa mabomu. Tangu mwaka wa 1945 mpaka 1949 serikali yake ilisimamisha nyumba za kuunganishwa zaidi ya 156,000. Katika hizo, zaidi ya 54,000 zilikuwa za aluminiamu, zilizofanywa katika viwanda vya eropleni vilivyokuwa havina kazi tena ya vita. Kila nyumba ilitoka kiwandani kwa mafungu manne, kila fungu juu ya lori lake, jiko na bafu na mabomba vimekwisha tiwa ndani. Zilikusudiwa kukaa miaka 10 au zaidi kidogo, lakini baadhi yake zilikaliwa kwa miaka zaidi ya 60, kwa kuwa wenyewe walizitunza.

Lakini katika Afrika iko habari nyingine, nayo yafaa kufikiriwa. Fundi Mfaransa aitwaye Jean Prouvé alibuni nyumba ya chuma na aluminiamu kwa ajili ya nchi za joto. Alikusudia pasiwe na kipande kizidicho mita 4 kwa urefu wala kilo 100 kwa uzito, ili watu wawili waweze kukichukua. Aliweka paa mbili, moja juu ya nyingine, hewa ipite katikati, na baraza pande zote kuzuia jua. Nyumba ya kwanza ilisimamishwa Niamey mwaka wa 1949, na mbili Brazzaville mwaka wa 1951. Kisha kazi ikakoma. Nyumba zilikuwa nzuri kwa hewa, lakini gharama yake ilishinda gharama ya nyumba za kawaida za mahali pale. Basi mtu asidhani kwamba kitu kifanywacho kwa mashine lazima kiwe rahisi. Huwa rahisi kikifanywa kwa wingi, tena kikiwa hakisafiri mbali mno.

Namna tatu

Nyumba za kuunganishwa ni za namna tatu, na mnunuzi sharti ajue ni ipi anayouziwa.

Namna ya kwanza ni ya mifupa. Karakana hutoa nguzo, mihimili na kenchi za paa, za mbao au za chuma chembamba, zimekwisha katwa na kutobolewa matundu. Ukuta hujazwa kiwanjani kwa mbao, bati au tofali. Hii ni nyepesi kuchukua, na fundi wa kijiji aielewa upesi.

Namna ya pili ni ya kuta. Kila ukuta huja kwa vipande vya upana wa mita 1 hivi, na urefu wake ni kimo cha chumba. Kipande hiki aghalabu ni kama mkate uliopakwa siagi katikati: bati jembamba nje, bati jembamba ndani, na katikati povu gumu, au sufi ifanywayo kwa mawe yaliyoyeyushwa. Ubavu mmoja una ulimi na ubavu wa pili una mfereji, vipande viingiliane. Hizo ndizo nyumba nyeupe za makambini.

Namna ya tatu ni ya vyumba vizima. Chumba hufika kimekamilika, kina sakafu, dari, nyaya na madirisha, kikashushwa kwa winchi juu ya msingi, kisha vyumba viwili au vitatu vikafungwa pamoja. Makontena ya meli hutumiwa hivyo pia. Kontena fupi lina urefu wa mita 6 hivi na upana wa mita 2.44, na likiwa tupu uzito wake hupita tani 2. Basi namna hii ni ya upesi kuliko zote, lakini pasipofika lori kubwa na winchi, haifiki nayo. Kijiji kilicho juu ya kilima cha mawe, au kisiwa kisicho na kivuko cha magari, kisisumbuke nayo.

Kazi ya karakanani

Faida kubwa ya karakana ni kwamba mvua hainyeshi ndani yake, na kazi haifanywi kwa kukisia. Mafundi huwa na meza kubwa yenye vizuizi vya chuma, ambayo ni kama kalibu. Vipande vya mbao au chuma hulazwa kati ya vizuizi, vikafungwa, na kila fremu itokayo hapo huwa sawa na iliyotangulia. Kosa likiwapo katika kalibu, litakuwa katika nyumba zote; kwa hiyo kalibu hupimwa mara kwa mara.

Vipimo hufuata ukubwa wa vitu vinavyouzwa. Ubao mkubwa wa plaiwudi una upana wa mita 1.22 na urefu wa mita 2.44. Nguzo zikisimama sentimita 61 kutoka moja hata nyingine, ubao huo hugota katikati ya nguzo pande zote, wala hapana kipande cha kukatwa na kutupwa. Mtu aliyekwisha kuona mabaki ya mbao na tofali katika ujenzi wa kawaida atatambua ni fedha ngapi huokolewa hapo.

Kila kipande kikiisha hupigwa alama, mathalani ukuta wa kaskazini herufi A, na namba 1, 2, 3 kwa kufuata mahali pake. Karakana nzuri huiunganisha nyumba nzima kwanza uani kwake, ikaona kwamba kila bolti yaingia tundu lake, kisha ikaifungua na kuipakia. Mnunuzi aombe kuiona siku hiyo. Tundu lililokosewa hurekebishwa karakanani kwa dakika chache. Likigunduliwa Ukerewe, huwa safari nzima.

Kiwanja na msingi

Sasa twaingia katika nusu iliyo juu yetu. Nyumba ya tofali husamehe makosa, maana fundi huongeza udongo hapa na kupunguza tofali pale mpaka ukuta unyoke. Nyumba ya vipande haina msamaha. Ikiwa msingi umekwenda upande, vipande havitaonana.

Kwanza, mahali. Katika nchi ya Usukuma wakulima waijua ardhi yao kwa majina. Udongo wa mchanga uitwao luseni hukaza vizuri. Udongo mweusi wa mbuga hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, ukauinua na kuushusha msingi kila mwaka. Mahali hapo pasijengwe bila shauri la mhandisi. Tena karibu na Ziwa tukumbuke kwamba mwaka wa 2020 maji yalipanda sana yakaingia katika nyumba za watu wa pwani, na kwamba sheria ya mazingira ya mwaka wa 2004 yakataza shughuli za kudumu za watu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa maji.

Pili, pembe. Hapa mwalimu wa shule aweza kusaidia kuliko mtu mwingine. Tuseme nyumba ni ya mita 6 kwa mita 8. Tukivuta kamba kutoka kona moja mpaka kona inayokabiliana nayo, sharti iwe mita 10 kamili. Na kamba ya kona mbili zilizobaki nayo iwe mita 10 kamili. Kamba moja ikiwa ndefu kuliko nyingine, kiwanja kimepinda ingawa macho hayaoni. Wanafunzi wa darasa la juu waweza kupima jambo hili, nao watajua hesabu ile ilifundishwa kwa faida gani.

Tatu, usawa. Chukua mpira mwembamba uonekanao ndani, uutie maji, ushike ncha moja kona hii na ncha ya pili kona ile. Maji husimama kimo kimoja pande zote mbili. Pigeni alama, kisha fanyeni hivyo kona zote nne.

Nne, zege lipewe siku zake. Zege lililomwagwa leo lataka kutiwa maji kila siku kwa muda wa siku 7, na nguvu yake hukamilika yapata siku 28. Wako wauzaji wapendao kusimamisha ukuta siku ya tatu ili waende zao. Wasikubaliwe. Na kabla zege halijakauka, zile bolti zitakazoshika nyumba zizamishwe ndani yake mahali pake hasa, kwa kufuata kibao chenye matundu kilicholetwa kutoka karakanani. Uso wa msingi uwe juu ya ardhi kiasi cha shibiri au zaidi, ili maji ya mvua yasifike ukutani, na mchwa waonekane wakianza kujenga njia yao.

Kuchukua na kuhesabu

Siku hizi njia zimekuwa nyepesi kuliko zamani. Tangu lilipofunguliwa mwaka wa 2025 lile Daraja la John Pombe Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na zaidi, lori litokalo Mwanza kwenda Sengerema na Geita halingoji tena kivuko. Lakini Ukerewe na visiwa vingine bado huhitaji chombo cha maji, na hapo kila kipande hupakiwa na kupakuliwa mara mbili au tatu, kikikwaruzwa kila mara. Bati likikwaruzwa, kutu huanzia pale. Basi rangi ya kuziba mikwaruzo iletwe pamoja na nyumba.

Lori likifika, shusho lisifanywe kwa haraka wala usiku. Mtu mmoja ashike orodha, mwingine asome alama za vipande, wa tatu ahesabu bolti, parafujo na mipira ya kuzibia maji. Kilichopungua kiandikwe, na dereva atie sahihi yake kabla ya kuondoka. Vipande visilazwe juu ya udongo, bali juu ya magogo, na kuta zilazwe kwa mpango wa kuzisimamisha, za kwanza zikiwa juu.

Kusimamisha

Kazi huanzia konani. Kwanza fremu ya chini hufungwa juu ya msingi kwa zile bolti. Kisha vipande viwili vya kona husimamishwa, vikakutana kama kurasa mbili za kitabu kilichofunguliwa, vikapimwa kwa timazi na kushikizwa kwa miti ya mshazari. Kutoka hapo vipande hufuatana kwa namba zao. Bolti zisikazwe sana kwanza. Ziingizwe zote, zishike tu, na nyumba nzima ikiisha kusimama, kamba ya kona kwa kona ipimwe tena. Ndipo zikazwe, kona hii na kona ile kwa zamu.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini taabu hii yote kwa kosa dogo? Tufanye hesabu. Ukuta wa mita 8 una vipande 8 na viungo 7 kati yake. Kila kiungo kikiachwa wazi milimita 3 tu, ambazo ni kama unene wa sarafu mbili pamoja, mwisho wa ukuta utazidi kwa sentimita 2, na kipande cha kona hakitaingia. Ndipo fundi asiye na subira huchukua nyundo, akakipiga mpaka kinapinda. Na mahali hapo maji yataingia kila masika.

Paa huja mwisho. Kenchi hufungwa kwa vyuma vinavyoshuka mpaka ukutani na kutoka ukutani mpaka msingini, ili nyumba yote ishikwe kama mnyororo mmoja. Bati lianze kuezekwa upande ule usiokabili upepo, ili bati la baadaye lilifunike la kwanza na mdomo wa kiungo uwe umeupa upepo mgongo. Parafujo za bati la mikunjo ziingie kwenye mgongo wa bati, wala si kwenye bonde ambamo maji hupita. Na mnunuzi asisahau geji: namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba, geji 30 ni jembamba kuliko geji 28.

Nyumba ndogo ya namna ya pili, vijana wa kijiji wakiwa wengi na fundi anayejua akiwapo, yaweza kusimama kwa siku chache tu. Usukuma wazijua kazi za pamoja za basumba tangu zamani, na kazi hii ni ya namna yao, kwa kuwa yataka mikono mingi kwa wakati mmoja na mtu mmoja wa kuamuru.

Upepo, joto, moto na radi

Adui wa nyumba ya tofali ni uzito wake. Adui wa nyumba nyepesi ni upepo, ambao hauisukumi tu bali huinyanyua. Dhoruba za Ziwa huja kwa ghafula, mara nyingi usiku. Kwa hiyo bolti za msingini si pambo, nazo zikaguliwe kila mwaka kabla ya masika.

Joto la bati twalijua sote. Dari iwepo, na matundu ya hewa chini ya paa pande mbili zinazokabiliana, yenye wavu wa kuzuia mbu. Paa lizidi kuta kiasi cha kutosha kutia kivuli madirishani.

Kwa habari ya moto, mnunuzi aulize ndani ya ukuta mna nini. Povu jeupe, kama lile linalofungiwa redio na televisheni katika makatoni, huyeyuka na kuwaka, na moshi wake huua. Sufi ya mawe haiwaki. Iwayo yote, jiko la kuni au la mkaa lisiwekwe ndani ya nyumba hizo, bali lijengewe banda lake. Na nyumba ya chuma sharti iwe na waya wa kupeleka umeme ardhini, kwa ajili ya radi na kwa ajili ya nyaya za taa zilizochubuka.

Maneno ya kuulizwa kabla ya kulipa

Hatusemi nyumba hizi zikataliwe. Mahali pahitajipo zahanati kabla ya masika, au pasipo mchanga na maji ya kutosha, huenda ikawa ndiyo njia iliyo bora. Wala hatusemi kwamba ni lazima zishinde tofali. Kijiji chenye udongo mzuri, vijana na nafasi chaweza kujenga kwa tofali za kufungamana za udongo na saruji, zinazoshindiliwa kwa mashine ya mkono na kushikana bila chokaa nyingi. Nazo ni kazi ya kipimo kimoja vilevile, ila karakana yake huja kijijini badala ya kijiji kwenda karakanani.

Basi kabla ya kutoa fedha, kamati imwulize mwuzaji maneno haya, na majibu yaandikwe. Je, bei hii ni pamoja na msingi, uchukuzi, winchi na posho ya mafundi? Kipande kizito kuliko vyote kina kilo ngapi? Ukuta ukitobolewa, kipande kingine hupatikana Mwanza, au huagizwa ng'ambo? Parafujo na bolti zake ni za kawaida madukani? Nani atakuja ikivuja masika ya kwanza? Na malipo ya mwisho yabaki mikononi mwa kamati mpaka mhandisi wa halmashauri aione nyumba imesimama, naye apime kamba zake mwenyewe.

Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Katika nyumba ya kuunganishwa ufa huo huanza kabla ya ukuta kuwapo, katika kamba isiyopimwa na orodha isiyosomwa. Kalamu, kamba na mpira wa maji si vitu vya bei. Kamati itakayovitumia italala usingizi siku ya dhoruba ya kwanza, na mwalimu atakayekaa nyumbani mle atalala naye.